Kanisa la Kadibodi

Krrrt. Kimya kidogo. Halafu krrrt tena. Mpaka leo nikisikia kisu kinapita kwenye kadibodi, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe, maana mwaka ule, katika nyumba niliyofanya kazi Bawshar, mjini Maskati, Omani, mkono uliokuwa unakata ulikuwa wangu, na kila kipande nilichokata kilikuwa cha kanisa.

Binti wa tajiri wangu alikuwa anasomea uchoraji wa majengo chuoni. Mwalimu wao alimpa kila mwanafunzi jengo moja la kale alitengeneze kwa umbo dogo, la kadibodi. Yeye akaangukiwa na kanisa la mawe la kijijini huko Ufaransa, dogo, ambalo hata Wafaransa wengi hawalijui. Alinuna siku mbili. Wenzake wamepata majumba ya wafalme, yeye kapata kibanda cha mapadri.

Mimi nilipoziona picha za lile kanisa, wali uliungua jikoni. Ukutani wamechora malaika kwa rangi nyekundu ya udongo. Nyuso zimefutika, macho yamebaki. Juu ya kila nguzo fundi amechonga kituko: hapa zimwi linamtafuna mtu kuanzia miguuni, pale mwanamke anachana nywele zake, hana habari. Nyuma ya altare ukuta umepinda nusu duara, na una madirisha matatu membamba. Kanisa letu nyumbani, kule Iringa, ni la tofali za kuchoma, na nilizibeba mwenyewe kichwani nikiwa darasa la nne, mbili mbili. Kwa hiyo nilijihesabu na mimi ni mjenzi.

"Mkono wako mwepesi," binti akaniambia. "Nkatie haya matao. Ukinimalizia vizuri, tukenda Ufaransa joto likianza tutakuchukua. Utambebea mama mizigo, na kanisa utaliona kwa macho yako."

"Wallahi tutamchukua," mama yake akaitikia.

Likizo yangu ya kwenda nyumbani, ya baada ya miaka miwili, iliangukia mwezi uleule. Nikachagua Ufaransa. Nikampigia mama yangu Iringa: nisubiri mwakani, naenda kuona kanisa la kale. Mama akawatangazia jumuiya nzima, nao wakaniombea.

Nilikata wiki tatu, kila nikimaliza vyombo vya mchana. Madirisha yale matatu niliyakata mara nne nne mpaka yakalingana. Ikabaki kulibandika kanisa kwenye ubao wake, uliochorwa mto, barabara na mshale wa kaskazini. Binti akaliweka, ule ukuta wa nusu duara ukaelekea magharibi. Nilielewa mara moja. Misikiti yote ya hapa Maskati inaelekea huko, ndiko Makka iliko, na mbele anaposimama imamu pana kiduara kama kile. Mkono wake ulifuata ulichozoea.

"Dada, samahani," nikasema. "Makanisa ya zamani altare hutazama jua linakotoka. Katekista wetu alitufundisha. Madirisha haya ni ya kupokea asubuhi."

"Weye umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Mimi mwaka wa nne. Lete gundi."

Nikaleta gundi.

Siku ya kuonyesha kazi binti alirudi uso umemwiva. Mwalimu alikuwa amemuuliza mbele ya wote kanisa hili linaswali kibla gani, na darasa likaangua kicheko.

"Ulijua," akaniambia. "Ulijua, ukaniacha nkaadhirika."

"Dada, si nilikwambia?"

Neno hilo ndilo lililoniponza. Ningesema samahani, pengine yangepita. Tangu siku ile nikawa Profesa. Profesa, choo cha wageni kinanuka. Profesa, hebu tuambie, chai hii imetazama wapi mbona haina sukari? Mama yake alicheka mpaka anajifuta machozi, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nawaza ule mwezi wa safari. Mtu anayekwenda kuona malaika waliobaki macho tu hashindwi kuitwa Profesa.

Siku mbili kabla ya safari mama yake binti akaniita. "Viza yako haijatoka, mwanangu. Wazungu wagumu hawa." Nilimwamini. Nilimwonea hata huruma kwa kuhangaika kwa ajili yangu. Kisha akanituma kwenye droo ya binti nikatoe soksi, niwafungie sanduku. Chini ya soksi palikuwa na bahasha. Ndani, picha zangu zote nne za viza, nilizopiga nimevaa gauni la kuazima, na fomu yake. Limeandikwa jina langu tu. Kwingine kote kweupe.

Nilipogeuka binti alikuwa amesimama mlangoni. Akaitazama bahasha, akanitazama na mimi.

"Ah, Profesa," akasema. "Kumbe hujui kujaza fomu?"

Nikamuuliza mama yake kuhusu likizo yangu ya kwenda nyumbani. "Sasa maua yangu nani atayamwagia maji?" akasema, kwa upole kabisa.

Walipofika huko wakanipigia simu ya video. Binti alikuwa ndani ya kanisa. "Haya, liangalie jua lako!" Akaielekeza simu kwenye yale madirisha matatu, na kweli asubuhi ilikuwa inaingia, kali, mpaka kioo changu kikawa cheupe tupu. Sikuona nguzo wala zimwi. Nilisikia sauti zao tu. "Umeona? Ushafika, tena bila ya viza!" Wakacheka, na kuta zile zikawarudishia kicheko. Simu ikakatika.

Waliporudi, mama yake akataka nafasi ya masanduku. "Lile dude la kadibodi likatupwe."

Kesho yake alfajiri nililibeba hadi nje, kwenye pipa kubwa la taka kando ya ukuta. Mtaa mzima ulikuwa umelala. Nililiweka kwanza chini, nikatoa kisu mfukoni, nikapitisha taratibu kwenye gundi. Krrrt. Kanisa likaachana na ubao wake. Nikaligeuza, altare ikatazama upande wa milima kulikokuwa kunapambazuka. Kisha nikalala kifudifudi kwenye saruji, nikaweka jicho langu moja mlangoni mwa kanisa, nikayakabili yale madirisha matatu, nikangoja jua.