Waliosukuma Gari Letu

Gari letu lilikuwa likisukumwa kila asubuhi na watu waliokwenda kazini kwa miguu. Nikisema hivyo, hata leo, nahisi uso ukipata joto.

Lilikuwa gari dogo, kuukuu, rangi ya maziwa yaliyochacha, na katika laini yetu ya nyumba nyuma ya Barabara ya Jogoo lilikuwa ndilo la pekee. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akitoka Mombasa alipanda hadi mpaka wa Uganda, akarudi nyumbani kuoga, kulala na kuondoka tena. Kwa hiyo gari lilikuwa mikononi mwangu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mjini, ng'ambo ya Muthurwa, na njiani niliwapitisha watoto wetu shuleni.

Ugonjwa wa gari ulianza kidogo kidogo. Nilizungusha ufunguo, nikasikia "tk!" moja, kisha kimya. Nikajaribu tena, likawaka. Baadaye ikawa ni mara ya nne au ya tano ndipo liwake, na mwishowe likakataa kabisa. Taa zilikuwa zinawaka vizuri. Honi ilipiga kelele ya kuwaamsha wafu. Ila injini haikugeuka.

Wa kwanza kuja kunisukuma alikuwa jirani wa mlango wa kushoto, mtu wa mkoa wa Magharibi aliyefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mablanketi. Alikuwa ndio anafika nyumbani, macho mekundu, nyuzi za sufu zimemganda nyweleni. Akaweka mfuko wake wa chakula juu ya ukuta.

"Mama, tia gia ya pili, ukanyage klachi. Nikikwambia, achilia."

Mlango wa pili akatoka mzee mmoja wa Ukambani aliyechonga twiga na swara wa mbao, bega lake moja likiwa na maumivu ya miaka. Wakajiunga wapita njia wawili watatu waliokuwa wakielekea viwandani. "Sukuma! Haya, sukuma!" Niliachilia klachi, gari likaruka kama mbuzi, likawaka, na moshi wote ukawaishia wao usoni. Sikuthubutu kusimama kushukuru, maana lingezimika. Nilitoa mkono dirishani nikaupunga. Kiooni niliwaona wakijikung'uta vumbi, kila mtu akishika njia yake.

Ikawa ndio desturi. Sikuhitaji hata kuita. Wakisikia ile "tk!", milango inafunguka.

Nilitafuta jinsi ya kuwalipa fadhila. Nilipeleka majani ya chai na sukari. Nilitaka kuwapa lifti, lakini jirani wa kiwandani alikuwa anakwenda kulala, mzee alichongea uani kwake, na wapita njia walielekea viwandani, upande mwingine. Waliokuwa wakinisukuma hawakuwa na safari na mimi. Niliondoka kila asubuhi viti vingine vikiwa vitupu, na watoto wangu wakiwapungia mikono kama wana wa waziri.

Mume wangu alipokuja alilala chini ya gari, akaigonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa spana, nalo likawaka mara moja. "Ni kaboni za ndani zimekwisha," aliniambia. "Ukiigonga zinashika kidogo. Nitaifungua Jumamosi." Lakini Jumamosi alikuwa ama amelala kama gogo ama yuko Malaba, mpakani. Nami sikumbana. Nilimwonea huruma. Huruma ile niliyokuwa nikimwonea yeye ilibebwa na mabega ya watu wengine.

Mke wa jirani yule wa kiwandani alikuwa mjamzito. Siku moja ya mapumziko, asubuhi baada ya mvua kubwa, mumewe alibisha mlangoni kwangu.

"Mama, samahani kukusumbua," alisema. "Mama watoto ameshikwa na uchungu."

Yeye ndiye aliyeniomba samahani.

Tulimketisha kiti cha nyuma juu ya kanga zilizokunjwa. Nikazungusha ufunguo. "Tk." Nikatoka na spana, nikajilaza kwenye tope na nguo yangu nzuri, nikaigonga stata kama nilivyomwona mume wangu akifanya. Nikarudi. "Tk." Nikagonga tena kwa hasira. Wapi.

Haikuwa siku ya kazi, kwa hiyo wapita njia hawakuwapo. Walikuwapo mumewe na mzee mchongaji tu. Ardhi ilikuwa laini, magurudumu yamezama kidogo. Walisukuma, gari likasogea hatua chache, likakwama. Mzee alishika bega lake akafumba macho.

Ndipo nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

"Ngojeni nishuke," alisema yule mama. "Liwe jepesi."

"Hapana, dada, kaa!" nilimwambia. "Tafadhali kaa!"

Lakini alikwisha kushuka. Na hakusimama kando. Alishika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja, tumbo kwa mwingine, akasukuma nao. Nilimwona kiooni, midomo ameibana. Gari likaanza kwenda, nikaachilia klachi, likawaka. Ilinibidi niliondoe kwenye lile tope mpaka kona yenye lami, na huko nikasimama huku mguu wangu ukikanyaga mafuta ili lisizime. Nikamngoja. Nilimtazama akija kwa miguu, ameegemea mkono wa mumewe. Katikati ya njia alisimama, akainama, akapumua, kisha akaendelea kutembea. Singeweza kurudi nyuma kumchukua, na singeweza kushuka kumshika. Nilikaa kwenye usukani nikiingurumisha injini tu.

Alipoingia alisema, "Twende. Pole kwa taabu."

Hospitalini nako sikuweza kuzima. Walishuka langoni, muuguzi akampokea, nami nikabaki ndani ya gari nikiulinda moto wa injini kama mlinzi wa jiko. Jirani alikuja mwenyewe kuniambia nirudi nyumbani, wamempokea vizuri. Mchana ule alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti.

Mume wangu alirudi mwanzoni mwa wiki. Nilimsimulia kabla hajavua viatu.

"Alishuka?" aliniuliza.

"Alishuka. Akasukuma."

Aliifunga tena kamba ya kiatu aliyokuwa ameilegeza. Kisha akasema, "Barabarani nimewatengenezea watu malori yao. Watu nisiowajua." Akainuka kuchukua mfuko wa spana. Jua bado lilikuwa juu.

"Leo nitafungua mimi," nilimwambia. "Wewe uniambie tu. Nimechoka kuendesha kitu nisichokijua."

Alinitazama, akanipa spana namba kumi. "Basi anza na betri. Toa waya wa arthi kwanza, ule hasi. Usipoutoa, spana ikigusa chuma zitaruka cheche na kukuchoma."

Tuliitoa stata, nzito kuliko nilivyodhani, tukaiweka juu ya gunia. Nilitarajia kitu cha ajabu. Kilikuwa ni pipa dogo la chuma lenye pipa jingine dogo mgongoni. Lile dogo, solenoidi, ndilo linalopata umeme kwanza ukizungusha ufunguo. Linafanya kazi mbili kwa pamoja: linasukuma gia ndogo mbele ikakamate meno ya gurudumu la injini, na linaunganisha umeme mzito wa betri na mota yenyewe. "Ile 'tk' uliyokuwa unaisikia ndiyo hili," alisema. "Lenyewe lilikuwa linaamka. Mwenzake ndiye hakuamka."

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Vumbi jeusi likamwagika. Kaboni, vile vijiwe vinavyoegemea shaba inayozunguka na kuipitishia umeme, vilikuwa vimelika hadi vimekuwa vyembamba kama kipande cha mwisho cha sabuni, na springi hazikuweza tena kuvikandamiza. Niliviweka kiganjani. Vitu vidogo hivyo ndivyo vilivyomshusha mwanamke mwenye uchungu akanyage tope.

Tulinunua vipya kesho yake. Niliisugua shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikapangusa gia kwa kitambaa chenye petroli. Alinikataza kupaka grisi hovyo: "Grisi inakamata vumbi, gia inakwama." Nguzo za betri zilikuwa na ukungu mweupe; niliziosha kwa maji moto yenye magadi, nikazikaza. Tukaijaribu stata chini kabla ya kuirudisha, yeye ameikanyaga isiruke, nayo ikavuma na kutoa gia yake nje kama ulimi. Akaniambia pia nisishike ufunguo muda mrefu gari likigoma. Nishike kidogo, niache ipoe, nijaribu tena. Mota ile imeumbwa kwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Asubuhi iliyofuata niliingia garini. Jirani alikuwa ameshaweka mfuko wake ukutani. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mpingo mkononi. Nikazungusha ufunguo, injini ikawaka papo hapo. Walitazamana.

"Eh!" mzee akasema. "Sasa sisi tutafanyia wapi mazoezi?"

Walicheka. Mimi sikuweza. Ilikuwa kazi ya jioni mbili tu, na walikuwa wamesukuma tangu kiangazi.

Jioni ile nilikwenda kumwona mzazi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga vizuri, nikayasema yote. Alinisikiliza huku ananyonyesha.

"Mbona ulishuka?" nilimuuliza mwishoni.

"Niliona nikikaa humo nitazaa humo," alisema, akacheka hadi mtoto akaachia ziwa. "Wewe unalia nini? Si ulitufikisha?"

"Ulisukuma, dada."

"Nilisukuma. Basi. Ningekuwa nyumbani ningekuwa natembeatembea vilevile, hata mkunga alisema." Aliifuta midomo ya mtoto. "Mshike kidogo nioshe uso."

Nikaangalia mikono yangu. Weusi wa kaboni ulikuwa bado umejaa chini ya kucha, niliusugua ukakataa. Nikamwambia ngoja kwanza nikanawe tena.

"Mshike hivyohivyo," alisema, na kabla sijajibu alikuwa ameniwekea mtoto mapajani na kwenda zake bombani.