Ujumbe wa Mfaransa kwa Mke Wangu

Mpaka leo nikipita hoteli ya Bustan nageuza uso kwa aibu, lakini kwa kuwa mmeshayasikia kwa watu, bora myasikie kwangu mwenyewe.

Mke wangu Zuwena ni mchoraji. Alipata kazi na mzee mmoja Mfaransa, Lucien, mtunzi wa hadithi za picha (yeye huandika tu, kuchora hajui hata paka), na tokea hapo nyumbani kwetu Mawaleh, hapa Maskati, ikawa Lucien kasema hivi, Lucien kacheka vile, Lucien anapenda nnavyochora mikono. Mikono! Nikawa siwezi hata kulisikia jina lile.

Alhamisi moja Lucien kaja Maskati, Zuwena akenda kumwonesha kazi kwenye hoteli ya Bustan, akasahau tableti mezani. Ikalia. Ujumbe wa Lucien, kwa Kifaransa. Ningeuacha tu, lakini nikaupiga picha kwa simu yangu, ikanifasiria: "Njoo Bustan saa kumi. Mumeo asijue. Nakupenda tokea siku ya mwanzo."

Wallahi sikuona mbele. Nikaingia garini, na badala ya kwenda peke yangu (hapa ndipo nilipojimaliza) nikapitia Ghubra kumchukua mama mkwe awe shahidi, njia nzima namsomea yale maneno, na yeye analia, "Ya Rabbi, mwanangu kanivua nguo!"

Tukawakuta ukumbini, makaratasi yametandazwa. Nikaipiga meza kwa kiganja, kahawa ikamwagika yote.

"Nani huyo anakupenda tokea siku ya mwanzo?"

Zuwena akaichukua simu yangu, akasoma.

"Seif, hayo maneno ya sonara."

"Sonara gani?"

"Wa kwenye kitabu! Anamwambia mke wa jirani yake wakutane hoteli hii hii. Lucien kanitumia niyaandike kwenye picha."

Nikatazama chini. Sonara alikuwepo, mke wa jirani alikuwepo, wote wawili wanaelea kwenye kahawa. Kazi ya wiki tatu.

Mzee akauliza kuna nini, Zuwena akamweleza, naye akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatoa daftari.

"Anauliza," Zuwena akasema bila kunitazama, "kama mume wa kwenye hadithi anaweza kuja na mama mkwe wake."

Mama akafuta pua kwa mtandio. "Mwambie aniandike mwembamba."

Watu wakacheka. Zuwena hakucheka. Alikwenda kukaa Ghubra siku tisa, anachora upya, na kila nikipeleka chakula ananifungulia mama. Siku ya kumi akatoka mwenyewe mlangoni.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Mwaka mzima hujaniuliza hata siku moja nnachora nini."

Nikambebea makaratasi yake mpaka garini, tukarudi nyumbani. Wivu bado nnao, nisiwadanganye, lakini ujumbe wa mtu siusomi tena maisha yangu, na jioni Zuwena akikaa kuchora, navuta kiti nauliza: huyu nani, na huyu kamfanya nini?