Kisanduku cha Hermelinda

Katika mabasi ya Puebla, mwanamke mwenye kisanduku cha barafu ni muuza aiskrimu tu. Ndiyo maana Hermelinda, mesenja wa hospitali, alipokipakata chake, jamaa mmoja alimpigia kelele: "Mama, nipe ya embe! Au unaatamia mayai?"

Basi zima likaangua kicheko. Hermelinda, ambaye miaka yote hajawahi kukiweka kisanduku sakafuni wala kusinzia njiani, hakununa.

"Kina mwenyewe, mwanangu. Humu mna seli za uboho wa dada mtu. Mdogo wake ana saratani ya damu, anazisubiri hospitalini Oaxaca. Bila hizi haponi."

Kicheko kikakatika. Basi likaruka tuta. Yule jamaa akasimama, akafoka:

"Wewe dereva! Matuta polepole, tumebeba mtu!"