Matundu ya Mgongoni

Walimwita Dada Pini kwa sababu ya mdomo wake. Saa zote za kazi ulikuwa umebana pini nne au tano, na alikuwa amejifunza kuongea, kucheka na hata kugomba bila kudondosha hata moja. Waliomzoea walimtania kwamba siku akipiga chafya mle ndani ya chumba cha mavazi, watu watabebwa kwa machela.

Alikuwa fundi cherehani wa tamthilia ya polisi iliyopendwa kuliko vipindi vyote vya televisheni. Ilipoanza kuonyeshwa, mitaa ilipoa. Watu waliisifu kwa ujasiri wake, maana haikuogopa kusema jinsi watu weusi wa ng'ambo ya reli wanavyosimamishwa na kupekuliwa barabarani, wala jinsi mtoto wa tajiri anavyoachiwa kwa kosa lile lile linalomfunga mtoto wa mfagizi. Dada Pini mwenyewe alikuwa mweusi, mzaliwa wa huko huko ng'ambo ya reli. Kila asubuhi alipanda daraja la waenda kwa miguu, akavuka, akaenda kuwashonea sare za polisi watu ambao hawajawahi kulala mahabusu hata siku moja.

Kwenye daraja hilo ndipo alipofia mdogo wake.

Alikuwa fundi umeme, kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, mwenye miguu mirefu iliyomsumbua dada yake kila alipomshonea suruali. Alasiri moja alikuwa anarudi kutoka kazini na mkoba wake wa vifaa. Duka moja la mitaa ya juu, kwa matajiri, lilikuwa limeibiwa, na polisi walikuwa wanamtafuta mtu mweusi, mrefu, mwenye mkoba. Walipiga kelele. Pengine hakusikia, pengine aliogopa akaongeza mwendo. Alipigwa risasi mbili akiwa ngazi ya saba. Askari aliyefyatua aliandika kwamba kijana aligeuka akamjia na silaha. Silaha yenyewe ilikuwa bisibisi, na ilikutwa ndani ya mkoba uliofungwa zipu.

Hospitalini Dada Pini alikabidhiwa nguo za marehemu ndani ya mfuko wa plastiki. Shati lilikuwa la bluu, alilishona yeye mwenyewe. Alilitandaza mapajani akalitazama kama fundi anavyotazama kitambaa. Matundu mawili yalikuwa mgongoni, chini kidogo ya bega, na nyuzi zake zilikuwa zimeingia ndani. Kifuani hapakuwa na kitu.

Aliyasema hayo mbele ya hakimu wakati kifo kilipochunguzwa. Hakimu alimwangalia juu ya miwani.

"Wewe ni mtaalamu wa risasi?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni fundi cherehani."

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Shati lilichukuliwa kuwa kielelezo, na alipolifuatilia baadaye aliambiwa halionekani. Uamuzi ukatoka kwamba askari alihisi hatari. Mama yao alirudi nyumbani, akalala kitandani akiutazama ukuta, na kutoka siku hiyo akawa mtu wa kuongea maneno machache, kana kwamba anayakopa.

Miaka minne ikapita. Dada Pini alijikaza kisabuni, akashona. Kazini hakumwambia mtu.

Aliyemfungua mdomo alikuwa mwigizaji mkuu, mwanamke mweupe wa mitaa ya juu aliyecheza nafasi ya Inspekta, na ambaye hata nje ya kamera aliitwa Inspekta tu. Hakuwa na maringo. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya kiti, Dada Pini amepiga magoti akikunja pindo la suruali yake, wakawa wanaongea habari za ndugu. Inspekta akauliza, "Na wewe Dada Pini, mko wangapi kwenu?"

Swali la kawaida tu. Dada Pini alitaka kujibu "wawili," kama alivyozoea, lakini siku hiyo hakujibu hivyo. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake cha mkononi, akasimulia yote. Inspekta alishuka kwenye kiti akakaa naye sakafuni, suruali mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, akalia.

"Hii lazima watu waione," alisema. "Niachie mimi."

Hakuwa anatania. Wiki iliyofuata Mwandishi wa tamthilia alikuja chumba cha mavazi. Alikuwa bwana mpole, ndevu za mvi, kalamu sikioni. Alikuja alasiri tatu, akaweka simu mezani irekodi, akauliza hata mambo madogo: mdogo wake alikuwa anacheka vipi, alikuwa akirudi kazini anaanza na nini, mama yao alisema nini alipopewa habari. Dada Pini alijibu yote huku akishona. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mtu mwenye madaraka fulani alikuwa anaandika anachokisema.

Siku ya tatu, Mwandishi alipokuwa anainuka, Dada Pini alimshika mkono.

"Kaka, andika utakavyo. Mwite jina lolote, mpe mke, mpe watoto, sawa tu. Ila matundu usiyasogeze. Yaache mgongoni."

"Naapa, dada yangu," Mwandishi alisema. "Bila hayo matundu hakuna hadithi."

Na kweli aliyaandika. Karatasi za kwanza zilipofika chumba cha mavazi, orodha ilisema: shati la bluu, matatu yanayofanana, matundu mawili ya risasi mgongoni. Dada Pini aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Jioni hiyo alimweleza mama yake kwamba mwanawe ataonekana kwenye televisheni, na safari hii ukweli utasemwa. Mama aligeuka kutoka ukutani. Akauliza, "Watasema hakuwa na kitu mkononi?"

"Watasema, Mama."

Siku kumi baadaye zikaletwa karatasi nyingine, za rangi ya waridi, rangi ya mabadiliko. Shati la bluu, matatu, matundu mawili kifuani. Na kwenye orodha ya vifaa kulikuwa na bastola moja, mkono wa kulia wa marehemu.

Alimkuta Mwandishi uani anavuta sigara. Alipomwona na zile karatasi, mzee wa watu aliinamisha kichwa.

"Nimepigana, dada. Wakubwa wa kituo wamekataa. Yule askari anayefyatua ni mhusika anayependwa, watazamaji wamemzoea miaka mitano. Wanasema akimpiga mtu mgongoni, hawezi kubaki kwenye tamthilia. Kwa hiyo kijana lazima awe na kitu. Ila tumeonyesha kwamba aliingia kwenye uhalifu kwa sababu ya umaskini. Bado kuna ujumbe."

"Mdogo wangu alikuwa na kazi," Dada Pini alisema.

"Najua."

"Alikuwa anatoka kazini, kaka."

Sigara ilijichoma yenyewe vidoleni mwa Mwandishi.

Dada Pini alirudi kwenye meza yake. Tundu la risasi halitobolewi ovyo. Kitambaa husuguliwa kwanza kwa msasa kilainike, kisha kinachanwa kidogo sana kwa wembe, kingo zinaunguzwa kwa kiberiti, halafu nyuzi zinasukumwa ndani kwa ncha ya sindano. Aliyaweka mashati matatu mbele yake, akayalaza kifudifudi, akayatoboa mgongoni yote matatu. Aliyapima kwa vidole. Hakuhitaji utepe, mahali pale alipajua.

Kijana aliyepewa nafasi ya marehemu naye alitoka ng'ambo ya reli, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kwanza yenye maneno. Asubuhi ya kupiga picha alivaa shati, akajigeuza kwenye kioo.

"Shangazi, mbona yako nyuma?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Kijana alimtazama kwenye kioo. Mtaani kwao kila mtu aliijua habari ya fundi umeme wa darajani. Alifunga vifungo, akaenda.

Ngazi zilikuwa za mbao, zimejengwa ndani ya ukumbi mkubwa. Kijana alipanda, mlio wa risasi ukasikika, akaanguka. Alitakiwa aanguke chali na bastola mkononi. Akaanguka kifudifudi. Damu ya bandia ikasambaa mgongoni, kwenye yale matundu mawili, na kamera ikasogea kama ilivyopangwa. Inspekta alikuja mbio, akapiga magoti ili aseme maneno yake: "Alikuwa na silaha. Askari hakuwa na jinsi."

Aliuona mgongo. Akainua macho akamtafuta Dada Pini kule gizani nyuma ya mataa, na Dada Pini alikuwa amesimama hapo na kimto chake mkononi.

"Kata!" Mwongozaji alipiga kelele. "Nani kafanya huu upuuzi? Leteni shati jingine!"

"Hakuna jingine," Dada Pini alisema. "Yote yako hivyo."

Inspekta alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanaharibu poda. Kwa kitambo kidogo Dada Pini aliamini kwamba atasimama aseme: mimi sisemi maneno haya. Angeweza. Bila yeye tamthilia haikuwepo. Lakini alisimama, akaongozwa kwenye chumba cha vipodozi, na mtu mmoja akatumwa dukani kununua shati la bluu. Kufikia saa nane walikuwa wamelitoboa kifuani kwa mkasi, vibaya vibaya tu, ungedhani limeliwa na panya. Kijana alilala chali. Inspekta akayasema maneno yake, na watu walisema hajawahi kuigiza vizuri kama siku ile.

Dada Pini hakuyaona hayo. Alikuwa ameshaambiwa akusanye vitu vyake. Inspekta alimkimbilia getini akiwa bado na sare.

"Nisamehe, dada. Nina mkataba. Nikikataa..."

"Sare imekubana begani," Dada Pini alisema. "Mwambie fundi atakayekuja akuachie nafasi kidogo."

Hakusema kwa kejeli.

Ilipoonyeshwa, majirani walijazana sebuleni kwao, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba ni kisa cha mtoto wa nyumba ile. Dada Pini alimwomba mama yake waizime. Mama alikataa. Alikaa wima, mikono mapajani, akaangalia mpaka majina ya mwisho. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema aliyewapikia siku zote za msiba, alikuwa anafuta macho kwa khanga.

"Imenichoma moyo," alisema. "Jamani. Lakini na yeye kijana, bastola ya nini?"

Kisha akakumbuka yuko wapi, akashika mdomo. Hakuna aliyemlaumu. Waliaga mmoja mmoja, wakiwa wameinamisha macho, mpaka wakabaki wawili.

"Uliwaambia?" Mama aliuliza.

"Niliwaambia, Mama."

"Vizuri? Uliwaambia kila kitu?"

"Kila kitu. Waliandika kabisa."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia asiyoijua. Kisha akasema amechoka, amsaidie kuinuka. Dada Pini alimshika chini ya makwapa, akamwinua, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi.