Jina la Mama wa Dukani

Leo kumenyesha, na harufu ya udongo uliolowa imenirudisha kwenye lile duka la Kihindi pale Nkololo.

Mvua ilitukuta hapo mimi na bibi tukimpeleka mama kliniki, akajifungulia ndani, kwenye jora jipya la kitambaa cha marekani. Mwenye duka, Varsha, ndiye aliyempokea mtoto, wa kike. Mama akasema, "Huyu ataitwa jina lako."

Bibi akawaka. "Jina la Kihindi! Mizimu ya kwetu itamjuaje? Akiugua tutamwombea kwa nani?"

Nilishalipenda lile jina, nikamuuliza mwenye duka. "Mama, Varsha maana yake nini?"

Yule mama akanyoosha kidole juu, kwenye bati lililokuwa linanguruma. "Mvua. Kule India mtoto nazaliwa mvua ikinyesha, naitwa hivyo."

Bibi akamsogelea. Yeye anaitwa Kabula, jina ambalo sisi Wasukuma tunampa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Akaishika mikono ya yule mama, bado ina damu. "Mayu, mama yangu, kumbe wewe ni wajina wangu!"

Yule mama wa dukani aliondoka duka lilipogeuzwa la kijiji cha ujamaa. Lakini jina lake lilibaki: ukiita Varsha pale kisimani, wasichana wanne wanageuka.