Waya wa Redio na Kiatu cha Kulia

Banda letu la Ihembe lilikuwa la mafundi wawili chini ya bati moja: mama mshonaji upande wa dirisha, fundi baiskeli upande wa mlango. Mimi nilikuwa fundi wa kelele. Nikitoka shule nilipitia pale kwanza, maana nyumbani kulikuwa na jembe na pale kulikuwa na redio.

Redio ilikuwa ya fundi, betri za mama, na kazi ya kuzianika juani zipate nguvu ilikuwa yangu. Shida ni lile bati. Kigali iliingia kama jirani asiyebisha hodi. Dar es Salaam ilikuja ikikohoa, kisha ikapotea.

Na msimu ule tuliitaka Dar kweli. Mtoto wa yule mama mshonaji, wa darasa la tatu, alikuwa amepelekwa hospitali Mwanza na baba yake. Mguu wa kulia ulikuwa na kidonda kilichokataa kila dawa, na daktari wa kwetu alishasema huenda ukakatwa. Dogo aliondoka na kiatu kimoja. Cha kulia hakikupita kwenye bandeji, mama akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Baba mtu aliaga akisema, "Nitawatangazia redioni, saa ya matangazo ya jioni." Saa ileile ya matangazo ya vifo! Basi kila jioni mama aliacha kukanyaga cherehani, akasikiliza misiba ya nchi nzima akitafuta habari ya mguu mmoja.

Fundi akafumua waya wa shaba kwenye dainamo bovu, tukaupandisha hadi kwenye mgomba mrefu kuliko yote nyuma ya banda. Dar ikaingia safi, utadhani mtangazaji amekaa kwenye benchi letu akisubiri kuzibiwa pancha.

Siku moja natoka shule, nakuta redio inakoroma. Nikazunguka nyuma. Mama alikuwa amepata wageni kutoka Igurwa, na mkungu ulikuwa umekomaa. Mgomba ukishazaa hauna kazi tena, unaangushwa mzima. Mama kauangusha, na waya umekatika vipande chini ya shina.

"Shikamoo mama. Leo umevuna ndizi au umevuna Dar es Salaam?"

"Marahaba, we mtun..." Akautazama waya. Panga likamponyoka. "Waitu! Nimefanya nini mimi?"

Matangazo yalikuwa karibu kuanza. Fundi akapima kipande kilichobaki, akatikisa kichwa. "Hiki hakifiki hata mgomba wa pili."

"Kinafika kwenye seng'enge," nikasema. Nyuma ya banda ulipita uzio wa jirani mfugaji, seng'enge kwenye nguzo za miti mpaka kule bondeni.

"Ile ya ng'ombe," fundi akasema.

"Kwani ng'ombe wana redio?"

Tukafunga. Lo! Dar ikarudi, nene kuliko jana. Vifo vikasomwa, kimoja baada ya kingine, mama ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili. Halafu, "...wa Ihembe, Karagwe, anaarifiwa na mumewe kwamba mtoto wao..."

Krrrr! Krrrr!

Nikachungulia nje. Ng'ombe mwenye pembe ndefu alikuwa anajikuna shingo kwenye seng'enge, macho kafumba, raha tupu.

"Mfukuze, mtundu wewe!" mama akapiga kelele.

"Mtundu mimi, na huyu je?" Lakini nilikuwa nishatoka na rula ya mbao ya mama. Nikamchapa tako, akaondoka kwa maringo.

"...Jumamosi, stendi ya Omurushaka. Aje na kiatu cha kulia."

Likafuata tangazo la watu wengine.

"Kasema cha kulia?" mama akauliza.

"Cha kulia," fundi akajibu.

Akanigeukia. "Na wewe mwongo, umesikia nini?"

"Cha kulia, mama. Mguu uliokatwa hauagizi kiatu."

Akacheka, akalia, akanipiga kofi la mgongo, vyote kwa pamoja. Kisha akakitungua kiatu, akapuliza vumbi, akanitupia. "Kipige brashi. Na ukimaliza usiende kwenu, leo unakula hapa."

Nikakisugua mpaka kikang'aa kuliko viatu vya mwalimu mkuu. Halafu nikala ndizi za mlingoti wetu wa redio kwa maharage.