Nusu Kichwa cha Mke wa Mwenyekiti

Jumamosi ile saluni ilikuwa na watu sita, na nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alidai ni yeye aliyeiokoa siku. Nilikuwepo mimi, mwenye saluni. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, anayetengeneza simu nyuma ya kabati la vioo karibu na mlango. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, binti, ambaye wiki nzima anasomea uuguzi na Jumamosi anasuka pamoja nami. Kwenye kiti cha kwanza alikaa diwani wa kata yetu, mwanamke anayetaka umeya. Kwenye kiti cha pili alikaa mke wa mwenyekiti wa chama cha diwani huyohuyo, chama ambacho wazee wake hawakutaka kabisa aupate umeya huo. Na mlangoni alisimama jirani yetu Mtanzania, muuza mashuka na mapazia, akinywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake.

Mtu atauliza ilikuwaje wanawake wale wawili wakae bega kwa bega. Saluni yangu iko chini ya jengo refu la South Beach, mahali pembamba kama ukumbi wa kupitia. Viti ni viwili tu. Anayekuja anakaa palipo wazi, na mambo ya chama anayaacha nje pamoja na mwavuli. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akatazama kioo chake. Nasi tulizungumza nao kama tunavyozungumza hapa Durban siku zote, Kiingereza kidogo, Kizulu kidogo, na sisi ndugu tukirudi kwenye Kiswahili chetu cha Kongo tunapotaka kutaniana.

Hapa mwananchi hampigii meya kura moja kwa moja. Anachagua madiwani, na madiwani ndio wanaomchagua meya. Kwa hiyo vita kubwa iko ndani ya chama: jina la nani litapelekwa mbele. Diwani wetu alitaka majengo ya ofisi yaliyofungwa mjini yageuzwe nyumba za bei nafuu, mabasi yatembee mpaka usiku kwa ajili ya wafanyakazi, na wachuuzi wasifukuzwe barabarani kama kuku. Wazee walimwita mtoto, ingawa ana wajukuu. Tena walimwita meya wa wageni, kwa sababu ya watu kama mimi.

Mimi sipigi kura hapa. Lakini huyu mama namfahamu kwa jambo moja. Wazazi wetu walipofariki, wote wawili ndani ya mwaka mmoja, niliacha shule nikiwa bado mvulana, nikaanza kusuka. Watu walicheka, mwanaume anasuka! Niliwaacha wacheke. Nikawafundisha na wadogo zangu, jioni jikoni, tukisuka nyuzi za mopu ya kupigia deki iliyotundikwa kwenye kiti. Nilikuwa nimeapa kwamba yule wa mwisho hataacha shule kama mimi. Halafu karatasi zake za ukaazi zikapitwa na wakati, na shule ikamkataa. Diwani alikuja na ndala zake za nyumbani, akaketi mbele ya mlango wa mwalimu mkuu, akasema haondoki. Hakuondoka. Jumatatu iliyofuata binti alikuwa darasani.

Basi siku ile nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha diwani. Upande wa kushoto rasta zilikuwa zimekwisha, nyembamba na zimenyooka. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama wima kama zimeona nyoka. Mdogo wangu wa kike naye alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mke wa mwenyekiti. Huyo mama akatazama saa.

"Sisi, ongeza mkono kidogo," alimwambia mdogo wangu, maana sisi kwa Kizulu ni dada. "Saa nane lazima niwe kule Jacobs, kwenye viwanda. Mume wangu anataka niwapikie wajumbe chai."

Diwani aligeuka, nikapoteza mstari niliokuwa nagawa. "Wajumbe gani, Jacobs?"

"Wa mkutano wa leo."

"Mkutano wa leo ni saa kumi na moja. Mjini."

Mama yule alimtazama kupitia kioo. Kisha akauliza polepole, "Wewe hukupata ujumbe?"

Diwani hakuwa amepata ujumbe wowote. Alimpa mdogo wangu wa kiume simu aichunguze. Akaifungua, akaipiga kofi mgongoni, akatikisa kichwa.

"Yaya, simu iko nzima," aliniambia, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Wabovu ni watu."

Sheria yao ilikuwa hivi: mtu aliyependekezwa lazima awe ukumbini, asimame, aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali. Asipokuwepo, jina linafutwa na wanaendelea. Wazee walikuwa wamehamisha saa na ukumbi, wakawaambia wote isipokuwa yeye. Na saa sita ilikuwa imeshapita.

Diwani akasimama, taulo shingoni. "Naenda hivihivi."

"Keti," alisema mke wa mwenyekiti. "Ukiingia na kichwa hicho, kesho hakuna atakayekumbuka ulichosema. Wa kwanza kukupiga picha atakuwa mume wangu. Namjua." Akamshika mkono mdogo wangu wa kike, akautoa kichwani mwake. "Niache mimi. Nenda kwake."

"Lakini mama, wewe uko nusu."

"Nimekuwa nusu kwenye chama hiki miaka mingi. Chai napika, kura naambiwa. Nenda!"

Halafu akafanya jambo ambalo bado linanichekesha nikilikumbuka. Aliinuka, nusu ya kichwa ikiwa na rasta na nusu ikiwa kichaka, akachukua kitana cha mkia kutoka mezani, akasimama nyuma ya diwani.

"Mnanitazama nini? Nimesuka vichwa kabla nyinyi hamjazaliwa."

Nikamtazama mdogo wangu wa kiume. Tangu apate kabati lake la vioo alikuwa ameapa hatagusa tena kichwa cha mtu. Yeye ni fundi sasa.

"Yaya, wateja wangu watapita hapo nje."

"Wakikuona watajua mikono yako si ya simu peke yake."

"Eish," akasema, akaenda kunawa.

Mikono minane kwenye kichwa kimoja ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kila msusi ana mkono wake. Mmoja anakaza, mwingine analegeza, mmoja anachukua nywele nyingi, mwingine kidogo, na mwisho kichwa kinatoka kama kimesukwa na majirani waliogombana. Tangu enzi za mopu sisi tuna utaratibu: mkubwa hasuki kwanza. Mkubwa anagawa mistari na kukata meshi, yaani nywele za bandia, kwa kipimo kimoja, na kumpa kila mtu fungu lake mkononi. Hakuna anayechukua mwenyewe. Nikagawa, nikakata, nikagawa, na vidole vyao vikaanza kwenda pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

"Aa! Mama, unanilipizia kisasi?" Diwani alimlalamikia mke wa mwenyekiti.

"Nakaza ili zisikutoke mbele ya wazee. Vumilia, mheshimiwa."

"Bado sijawa mheshimiwa."

"Ndiyo maana nakaza."

Jirani Mtanzania alikuwa amesahau kunywa chai yake. "Jamani, mtafikaje Jacobs? Mimi gari ninalo."

"Lile la mapazia?" mdogo wangu wa kiume alimtania.

"Limebeba mapazia ya hoteli, dogo. Litashindwa kumbeba meya?"

Rasta ya mwisho ilisukwa garini. Diwani alikaa mbele, mimi nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kiti chake juu ya marobota ya mashuka. Wengine walijipanga humohumo nyuma, na kila roboti, yaani taa za barabarani, ilipotuwekea nyekundu mke wa mwenyekiti aliilaani kwa Kizulu safi. Tulipoanza kusikia harufu ya viwanda, ndipo mdogo wangu wa kike akapiga kelele.

"Yaya! Maji ya moto!"

Mtu asiyesuka hajui. Rasta zikimalizika lazima ncha zake zichovywe kwenye maji yanayochemka, la sivyo zinaanza kufumuka moja baada ya nyingine. Birika letu lilikuwa South Beach. Tulikuwa tumeegesha nyuma ya ukumbi, kati ya ukuta wa kiwanda na lori la chuma, na hapakuwa hata na duka la kuuza mkate.

Sote tukaitazama chupa ya chai ya jirani. Naye akaikumbatia.

"Hapana. Hii ina tangawizi."

"Ina sukari?" nilimuuliza.

"Daktari alishanikataza sukari."

"Alhamdulillahi," akasema mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mlokole, akamnyang'anya.

Tukamchovya diwani ncha za rasta kwenye chai ya moto ya tangawizi, fungu kwa fungu, ndani ya kifuniko cha chupa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mke wa mwenyekiti alikuwa hana kitambaa cha kichwa, basi jirani akamkatia kipande cha pazia lenye maua mekundu. Alikifunga juu ya nusu yake, akakikaza, akajitazama kwenye kioo cha gari.

"Twende," alisema. "Saa nane hiyo."

Mimi sikushuka. Diwani alisimama mlangoni mwa gari akiningoja, nikamwambia, "Mama, nikionekana nawe leo, watakuwa wamepata hotuba yao."

Alitaka kubisha. Kisha akanishika bega, akaenda, akinukia tangawizi.

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na mke wa mwenyekiti mwenyewe. Mumewe alisoma jina la diwani mara moja, upesi, akatazama karatasi kama mtu anayetafuta jina linalofuata. Kutoka mlangoni mkewe akapaza sauti, "Yupo!" Ukumbi wote ukageuka. Mwenyekiti alimtazama mpinzani wake mwenye rasta mpya, akamtazama mkewe mwenye pazia kichwani, akaketi. Diwani akasema amekubali. Wakapiga kura, na akapita kwa tofauti ndogo sana, wazee wakiwa tayari wanadai naibu atoke upande wao.

Sisi garini tulijua kwa nyimbo. Akina mama walianza, sauti zikapita dirishani, na mdogo wangu wa kiume akapiga bodi ya gari kama ngoma mpaka jirani akamwambia asimharibie mali.

Sasa baraza la madiwani bado halijakaa kumchagua meya. Wazee wanasema madiwani wao wengine huenda siku hiyo wakaumwa wote pamoja. Diwani anakuja kutengeneza nywele zake kama kawaida. Lakini kiti cha pili hakijamwona tena mke wa mwenyekiti. Nilimpigia simu.

"Mama, njoo nikumalizie kichwa chako."

"Siji, bhuti, kaka yangu. Kila asubuhi mume wangu ananiona ninavyofunga hili pazia lenu. Ananiuliza nitamaliza lini."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia, siku madiwani wako wote watakapoinua mikono. Juzi alikasirika. Jana alinyamaza. Leo ameniuliza mkutano wa baraza uko lini, kama vile siye anayejua."

Akacheka, akakata simu.

Meshi zake nimeziweka juu ya rafu, rangi ileile, zimekatwa kwa kipimo kilekile, pamoja na kile kitana chenye mkia alichokishika siku ile. Wateja wakitaka kununua nawaambia zina mwenyewe. Nusu ya kichwa bado nadaiwa.